Orodha ya Mkono Mmoja

Kwa miaka ishirini na miwili, hakuna bomba lililofukiwa wala lami iliyomwagwa katika jiji lile bila kwanza kupita vidoleni mwa Bi Karani. Usije ukadhani alikuwa mkubwa. Alikuwa karani wa kamati ya ujenzi ya halmashauri, mtu wa kuandika nani kasema nini, nani kaunga mkono na kikao kimefungwa saa ngapi. Madiwani walikuja na kuondoka kila uchaguzi, wengine kabla hata hawajazoea mahali choo kilipo, lakini yeye alikuwepo, juu ya kiti kilekile chenye mto alioushona mwenyewe, pembeni ya mwenyekiti, nusu hatua nyuma. Ungemuuliza mtaa gani ulipata taa mwaka gani, angekujibu bila kufungua jalada. Ungemuuliza mtaa wake mwenyewe ulipata nini, angebetua midomo tu.

Maana mtaa wake haukuwa umepata kitu. Kwenye vitabu vya halmashauri uliitwa Njia Namba 14. Kwa macho ulikuwa mfereji wa mawe ambao watu walikuwa wamejenga pande zake mbili kwa subira. Mvua ikinyesha, maji yalipita katikati kama yenye mji. Mvua ikikatika, vumbi liliingia mpaka kwenye sukari. Maji ya bomba yalikuja kwa bomba moja kuukuu, jembamba, lililofukiwa kina cha kiganja, na yalikuja yakitaka. Wenyeji walikuwa na mazoea ya kuacha koki wazi na sufuria chini yake, ili yakija wayasikie.

Haya yote Bi Karani angeyavumilia. Watu wengi wanaishi pabaya na wanalala usingizi. Kilichomnyima raha ni kwamba mdogo wake alikuwa anaishi Njia Namba 41.

Mdogo wake alikuwa mshona mapazia, mwanamke mnene wa kicheko cha haraka, aliyeacha shule mapema na kuolewa mapema na kufiwa na mume mapema, na ambaye kwa sababu asizozijua dada yake, kila alipogusa palikaa sawa. Alinunua kiwanja mahali ambapo hakuna aliyepataka, na miaka mitatu baadaye halmashauri ikapitisha bomba kubwa la maji palepale, na mwaka uliofuata ikaweka lami nusu ya chini ya mtaa, nusu yenye nyumba yake. Bi Karani aliandika maamuzi yote mawili kwa mkono wake mwenyewe. Alipofika kwenye neno "imekubaliwa" mara ya pili, kalamu ilitoboa karatasi.

Wahenga walisema hasidi hana sababu, na wahenga hawakumjua Bi Karani, maana yeye sababu alikuwa nazo za kujaza jalada. Mdogo wake alipendwa zaidi. Mdogo wake hakuwahi kupigwa kwa kuvunja kikombe. Mdogo wake nywele zake zilishika msuko wiki mbili. Mdogo wake alikuwa na birika la umeme lenye taa ya bluu, na kila Bi Karani alipokwenda kumsalimia aliliangalia birika lile mpaka chai ikampoa mkononi. Mume wake, fundi saa, mtu wa maneno machache anayefanya kazi na kioo kimebanwa jichoni, aliwahi kumwambia, "Mke wangu, wivu wako ungekuwa umeme, tungewasha mtaa mzima na tukawauzia na majirani." Alinuniwa siku nne.

Halafu mama yao akaanguka bafuni, akavunjika nyonga.

Mama alikuwa akiishi peke yake kwenye nyumba ya zamani, na baada ya hospitali daktari akasema maneno mawili: kiti cha magurudumu, na mtu wa kukaa naye. Bi Karani, akiwa mtoto wa kwanza, aliona jambo hili liko wazi kama tarehe. Mama atakaa kwake. Lakini kwanza akataka kupanga. Akapima mlango kwa futi ya fundi. Akamwita mwashi atoe makadirio ya kubomoa ngazi mbili za kizingitini. Akatembea mtaani kwake akihesabu mawe ambayo kiti hakiwezi kuyapita, kila jioni akimweleza mama hospitali hesabu ilipofika, akafika sitini na saba akaacha. Wakati yeye yuko kwenye jiwe la sitini na saba, mdogo wake alikuwa amekwenda hospitali na begi tupu, amelijaza nguo za mama, na amemwambia, "Mama, twende."

Mama akaenda. Akakaa kwa mdogo miaka miwili.

Kila Jumapili Bi Karani alikwenda kumwona, na kila Jumapili alimkuta mama nje, kwenye lami, anajisukuma mwenyewe. Kizee cha watu, mikono kama kuni, anakwenda mpaka kwenye duka la pembeni na kurudi, anasalimiana na mtaa mzima. "Unaona, mwanangu," alimwambia, "gurudumu linateleza lenyewe. Hata sichoki." Bi Karani alitabasamu kwa meno. Hakumwonea mama uchungu kwa ugonjwa wake, tuseme ukweli. Aliionea kijicho lami.

Sasa inabidi nieleze namna kamati ile ilivyofanya kazi, maana bila hivyo hutamwelewa mwanamke huyu wala kosa lake.

Halmashauri ilikuwa na wahandisi wawili, wa barabara na wa maji, ambao hawakuwa wakinywa chai meza moja. Wa barabara alikuwa mrefu na mwenye haraka. Wa maji alikuwa mfupi, na hakuwahi kumaliza sentensi bila kusema "lakini". Hapo zamani walikuwa wakichimbiana: huyu anaweka lami mwezi wa tatu, yule anaipasua mwezi wa tano apitishe bomba. Wananchi walipochoka kutukana, madiwani wakatunga kanuni. Njia ikishawekwa lami mpya, isichimbwe kwa miaka mitano, kwa bomba wala kwa waya, labda bomba lipasuke lenyewe. Kanuni hiyo aliichapa Bi Karani.

Ili kanuni isiwafunge, wahandisi walilazimika kukutana mara moja kwa mwaka, kabla ya orodha ya miradi kupelekwa kikaoni. Kila mmoja alikuja na ramani yake kwenye karatasi inayoonyesha upande wa pili, barabara kwa wino mwekundu, mabomba makubwa ya maji kwa wino wa bluu. Waliziweka moja juu ya nyingine kwenye kioo cha dirisha la masjala, jua likipiga nyuma yake, na Bi Karani alishika pembe za chini. Wenyewe waliita kupiga kioo. Panapoonekana nyekundu juu ya bluu, lami iende. Panapoonekana nyekundu peke yake, isubiri bomba. Njia Namba 14 kila mwaka ilionekana nyekundu peke yake. "Hii isubiri," alisema mhandisi wa maji, "lakini mwakani bomba lipo." Alisema hivyo miaka sita.

Wakimaliza, walitia saini rasimu, na Bi Karani aliichapa upya kwa ajili ya madiwani. Miradi mikubwa ilijadiliwa mmoja mmoja, kwa kelele. Ile midogo, vipande vya mtaa, mifereji, taa, iliwekwa kwenye orodha moja ya mwisho ambayo ilipitishwa yote kwa pamoja bila mjadala, mkono ukinyooshwa mara moja tu. Ukumbini iliitwa orodha ya mkono mmoja. Hakuna aliyeisoma. Ilifika saa saba mchana, watu wana njaa, na mwenyekiti wa kamati, mzee wa tai pana ambaye madiwani walimbandika jina la Tusonge kwa neno lake la kila dakika, alikwishafunga kalamu yake.

Mwaka ule, kwenye rasimu iliyotiwa saini, kipengele cha kumi na moja kilisomeka: lami, Njia Namba 41, mita mia tatu. Yaani kipande cha juu, nusu iliyobaki ya mtaa wa mdogo wake.

Bi Karani alikisoma akiwa na mkate mdomoni. Akaacha kutafuna. Kwa hiyo nusu haikuwatosha. Huko chini walishateleza, sasa na huko juu wateleze, na mama ajisukume kutoka mwanzo wa mtaa mpaka mwisho akisifia, na yeye Jumapili akanyage vumbi kwenda kusikiliza. Akaangalia mlangoni. Akachapa moja na nne mahali pa nne na moja; mita mia tatu zilitosha mtaa wake wote.

Kidole hakikutetemeka, na hilo ndilo baadaye lilimtisha. Siku ya kikao mhandisi wa maji alikuwa amelazwa na jino. Mhandisi wa barabara alikuwa dirishani anaongea na simu. "Orodha ya mwisho," akasema Tusonge, "wanaokubali?" Mikono ikapanda. "Tusonge." Naye Bi Karani akaandika kwa mwandiko wake mzuri: imekubaliwa.

Miezi minne baadaye greda liliingia Njia Namba 14. Majirani walitoka na watoto, wengine na viti, wakakaa kulitazama kama wanatazama harusi. Mawe sitini na saba na mengineyo yaling'olewa, kifusi kikamwagwa, mtambo wa kushindilia ukapita mara nane, kwenda na kurudi, mpaka vyombo vikalia kabatini. Lami ikaja ya moto, nyeusi, inanuka utajiri. Bi Karani alisimama kizingitini mikono kiunoni. Mwashi alikwishabomoa zile ngazi. Moyo wake ulikuwa mweupe kwa mara ya kwanza baada ya miaka, na hakujiuliza kwa nini.

Jumamosi iliyofuata alikodi gari akaenda kwa mdogo wake. Alimkuta amebana pini midomoni, kitambaa cha mtu kimejaa meza nzima.

"Nimekuja kumchukua mama," akasema. "Barabara sasa ipo."

Mdogo wake akatoa pini moja moja. "Dada, kwema lakini? Hata maji hujanywa."

"Kwema. Umebeba miaka miwili, sasa ni zamu yangu. Mimi ndiye mkubwa."

Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Alimtazama huyu, akamtazama yule, kama mtu anayetazama watoto wakigawana mkate. Kisha akasema, "Basi nifungieni dawa zangu." Mdogo akafunga dawa, akafunga na birika la umeme, akasema mama amelizoea. Bi Karani alilipakata njia nzima, lenye taa yake ya bluu, wala halikumpa raha aliyoitegemea.

Siku mbili za kwanza zilikuwa sikukuu. Mama alijisukuma kutoka nyumba ya kwanza mpaka ya mwisho, na Bi Karani alitembea kando yake polepole ili waonekane. Siku ya tatu alisikia kimya. Yale masufuria chini ya koki hayakuwa yamelia tangu greda lipite. Jirani mmoja akasema yatakuja. Wiki ikaisha, hayakuja. Fundi wa bomba akaja, akaweka sikio ardhini mwanzo wa mtaa, akasimama akajipangusa goti. "Bomba lenu lilikuwa juu juu," akasema. "Mtambo umelisaga lote, toka kichwa mpaka mkia."

"Si mchimbe mtengeneze?"

"Kwenye lami mpya? Kuna kanuni, mama. Miaka mitano. Na hili halikupasuka lenyewe. Kasome."

Bi Karani hakuhitaji kusoma. Aliikumbuka mpaka mahali mkato ulipokaa.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu aliingia na mtaa mzima. Nyumba arobaini zilianza kununua maji ya mkokoteni. Na nani aliyekuja kila asubuhi na madumu sita ya maji kwenye mkokoteni wa kukodi, akiyasukuma kwa nyuma kwa mikono yake minene, akicheka na kila jirani? Mshona mapazia. Alimwogesha mama, akamchana, akaondoka kabla jua halijakaza. "Lami yenu nzuri, dada," alisema, "kuusukuma mkokoteni si kazi." Alisema bila sumu hata chembe, na hilo lilimuuma Bi Karani kuliko tusi. Alitaka maji, na alichukia yanakotoka.

Mama naye alikuwa na lake. Kuanzia asubuhi mpaka kulala alimsifu yule asiyekuwepo. Mdogo wako alikuwa akinipigia hadithi. Mdogo wako uji hauwi na madonge. Bi Karani alimeza yote, mpaka siku moja alipomlalamikia mdogo wake kando ya madumu, na yule akacheka mpaka akashika ukuta. "Dada, kwangu miaka miwili ilikuwa wewe tu. Dada yako anakaa na wakubwa, dada yako ana mwandiko, dada yako hakosei. Nilikuwa natamani ukosee hata siku moja, nipumzike."

Bi Karani akainua dumu, akaingia nalo ndani.

Wiki ya nne mama alipata homa ya kukosa kunywa. Alikuwa akijinyima ili maji yatoshe. Mdogo wake akamvuta dada yake jikoni, safari hii bila kicheko. "Mama arudi kwangu. Alhamisi kuna kikao cha wazi cha halmashauri, nitakwenda kuwaombea maji. Wakikataa, Ijumaa namchukua. Hapa hawezi kukaa." Bi Karani akasema sawa, kwa sababu hakukuwa na neno jingine. Ijumaa hiyo mama angekuwa amekaa naye siku ishirini na saba.

Kikao cha wazi kilikuwa kile ambacho kila mwananchi anapewa dakika tatu. Bi Karani alikaa kwenye mto wake, kalamu mkononi, akamwona mdogo wake anaingia amevaa gauni la kitambaa cha mabaki ya mapazia, na hata gauni lile lilimkaa vizuri.

"Mimi siishi Njia Namba 14," mdogo wake aliwaambia madiwani. "Ninaishi 41. Mwaka huu tuliambiwa lami ya kipande cha juu inakuja, haikuja, sikuja hapa kulalamika. Nimekuja kwa sababu mama yangu mzazi yuko kule 14, anajinyima kunywa. Nyumba arobaini hazina maji. Wapasulieni hiyo lami wapate bomba. Na kama fungu ni dogo, la kwetu lisogezwe mbele, sisi tutasubiri tena."

Bi Karani aliandika: mwananchi mmoja aliomba. Akaangalia alichoandika. Hata hapo alikuwa amemnyima jina.

Mhandisi wa barabara akasimama na rasimu yake ya zamani yenye saini. "Mheshimiwa mwenyekiti, mimi pia nimejiuliza. Tulipopiga kioo tulipitisha 41. Mkandarasi akapewa 14."

Tusonge akavaa miwani, akalinganisha karatasi mbili. Uso wake ukalegea. "Kumi na nne, arobaini na moja. Jamani, kosa la uchapaji. Linatokea kwa kila mtu. Bi Karani, andika hivyo. Tusonge."

"Tusisonge," akasema mwanasheria wa halmashauri, kijana mkavu aliyekaa mwisho wa meza. "Kosa la uchapaji likishapigiwa kura na kutiwa saini, ni uamuzi wenu. Kanuni ya miaka mitano inaufunga. Ingekuwa tofauti kama orodha ilibadilishwa makusudi baada ya wahandisi kutia saini. Hiyo ingekuwa batili, kama haikuwahi kupita, na mngeweza kuchimba hata kesho. Lakini hapa hakuna anayesema hivyo."

"Basi maombi yamekataliwa, kwa masikitiko," akasema Tusonge.

Ukumbi ulianza kukohoa na kukunja karatasi. Bi Karani aliona kila kitu kwa mpangilio, kama vipengele. Akinyamaza, yeye ni mtu aliyekosea tarakimu, na kesho Ijumaa mama anaondoka. Akisema, mtaa unapata maji, na yeye hana uso tena, si kwa madiwani tu. Mdogo wake yupo pale, mita tano, anafunga mkoba wake. Madiwani angewastahimili. Ni yule mwenye mkoba ndiye aliyemfanya ulimi uwe mzito.

Akaweka kalamu chini. Katika miaka ishirini na miwili hakuwahi kutoa sauti kikaoni isipokuwa kuuliza jina linaandikwaje.

"Halikuwa kosa," akasema. "Nilibadilisha mimi, baada ya saini. Nilijua ninachofanya."

Tusonge, aliyewajua ndugu hawa na mama yao, alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya. "Kwa nini, Bi Karani? Kwa ajili ya mama yenu, sivyo? Ili kiti chake kipite?"

Lilikuwa jibu zuri, limetayarishwa na kupambwa, angelipokea tu. Alifungua mdomo alipokee.

"Kwa wivu," akasema.

"Wivu wa nani?"

Akanyoosha kidole kwa mdogo wake.

Tusonge alishusha miwani, akanong'ona na mwanasheria, kisha akasema kwa sauti ya kuchoka, "Inabidi iandikwe." Na kwa kuwa karani alikuwa mmoja tu, Bi Karani akaokota kalamu akaandika, kwa mwandiko uleule: karani alieleza kuwa alibadilisha namba makusudi, kwa wivu juu ya mdogo wake. Kipengele cha kumi na moja kikabatilishwa. Njia Namba 14 ichimbwe kuanzia wiki ijayo. Karani apewe barua ya onyo kali na ahamishiwe masjala ya chini, kwenye majalada ya zamani. Yote hayo aliyaandika yeye, akapiga mstari, akaweka saa.

Mdogo wake alimngoja koridoni. Bi Karani alitegemea machozi, au kile kicheko.

"Wateja wangu wa kipande cha juu wanavuka tope na vitambaa vyao kwa sababu yako," akasema mdogo wake. "Na mimi nakusukumia maji." Akaondoka, viatu vikigonga sakafu mpaka mlango wa mbele.

Nyumbani, mama alikuwa nje kwenye lami, amefunikwa shali. "Mmeamua nini huko?"

"Wataichimba hii, mama. Wapitishe bomba."

"Nzuri hivi?" Mama akapapasa gurudumu. "Mjinga gani huyo aliweka lami kabla ya bomba?"

"Mimi."

Akamweleza, amechutama kando ya kiti ili asimtazame machoni. Namba, orodha, jino la mhandisi, birika, vyote.

"Ulitaka nije kwako," akasema mama.

"Ndiyo."

"Na siku ile uliyokuja na gari, ulimwambia mdogo wako umekuja kunichukua. Mimi nilikuwepo pale. Hukuniuliza." Akavuta shali. "Mdogo wako alinijia na begi. Wewe kule hospitali ulinihesabia mawe. Nikasema, huyu ananieleza kwa nini haiwezekani. Nikaenda kwa aliyesema twende."

Bi Karani alibaki amechutama. Magari mawili ya watu yalipita polepole yakifurahia lami. Kisha akasema kitu ambacho, ukimwuliza, atakwambia kilikuwa kigumu kuliko cha kikaoni.

"Mama, nakuomba ukae kwangu."

"Hapa watachimba mashimo. Sitatoka nje miezi miwili."

"Najua."

"Na maji hakuna."

"Hakuna."

Mama akajisukuma hatua moja mbele, akarudi. "Basi nenda kachote," akasema. "Nataka kuoga."

Mikokoteni ya maji ilipita asubuhi tu, na saa ile kulikuwa na mahali pamoja tu pa kuchota. Alichukua ndoo mbili, akapita lami yake yote, akakata kona, akapiga hodi kwenye geti la mdogo wake. Mdogo wake alifungua, akaziona ndoo, hakusalimia. Alichukua moja akaiweka chini ya koki ya uani, akafungua. Maji yakatoka kwa nguvu, mengi, bila kuombwa, na Bi Karani, tusidanganyane, hata pale aliyaonea wivu.

"Nitamfuata mama kesho asubuhi," akasema mdogo wake akiangalia ndoo.

"Amesema atakaa kwangu."

Mkono wa mdogo wake ukakaa juu ya koki. "Pamoja na mashimo?"

"Pamoja na mashimo."

"Alisema mwenyewe?"

"Nilimuomba. Akakubali."

Mdogo wake akainua uso, na Bi Karani akakiona. Midomo imebetuka kidogo, macho yametazama pembeni haraka. Hakuhitaji kuambiwa ni nini. Alikuwa amekibeba kitu hicho tangu siku mtoto huyu alipoletwa nyumbani kutoka hospitali amefungwa kwenye shuka. Alikuwa ameomba miaka yote akione kwenye uso ule, hata mara moja, na sasa amekiona, na hakikuwa na utamu wowote. Kilimuuma mahali palepale.

Ndoo ilikuwa imejaa, inamwagika. Akainama akaisogeza, akaweka ya pili.

"Mimi sijui anavyopenda kuogeshwa," akasema. "Sijawahi kumwogesha."

Mdogo wake akachovya kidole ndani ya ndoo.

"Ya vuguvugu," akasema. "Na uanzie miguuni."